Moto wa masika huandaliwa kiangazi: Jinsi ya kukausha kuni na kuchanja vijiti vya kuwashia jiko

WAHENGA walinena kwamba pafukapo moshi pana moto. Methali hiyo ina ukweli wake, lakini yeyote aliyewahi kuinama mbele ya jiko la kuni asubuhi yenye mvua mwezi wa Mei anaujua upande wake wa pili: moshi unapozidi, moto wenyewe huwa haupo. Maji ya chai yanakataa kuchemka, watoto wanachelewa kwenda shuleni, macho yanatiririka machozi, na kuni zinatoa povu nchani badala ya kuwaka.

Katika hali kama hiyo, wengi hulilaumu jiko. Wengine huilaumu mvua, na wengine humlaumu aliyeuza kuni. Ukweli ni kwamba mara nyingi tatizo la asubuhi hiyo lilianza miezi mitatu au minne kabla, wakati jua lilipokuwa kali na hakuna aliyekumbuka kukata, kupasua na kuanika kuni. Moto wa msimu wa masika huandaliwa kiangazi, na anayesubiri mvua inyeshe ndipo atafute kuni kavu huwa amekwisha kuchelewa.

Suala hili si dogo. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55.1 ya familia nchini Kenya zilitegemea kuni kama nishati kuu ya kupikia. Waliotumia gesi walikuwa asilimia 23.9, na makaa asilimia 11.6. Kwa hivyo, licha ya kuongezeka kwa mitungi ya gesi mijini, chakula cha zaidi ya nusu ya familia nchini kilikuwa bado kinaivia juu ya moto wa kuni.

Aidha, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba moshi wa majumbani, utokanao na kupikia kwa kuni, makaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 kote duniani mwaka 2020. Miongoni mwao walikuwamo zaidi ya watoto 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Wanaouvuta moshi huo zaidi ni wale wanaokaa karibu na jiko: akina mama, wasichana wanaowasaidia, na watoto wachanga wanaobebwa mgongoni.

Hakuna anayeweza kudai kwamba kukausha kuni pekee kutaliondoa tatizo hilo. Hata hivyo, ni hatua ambayo familia yoyote yaweza kuichukua bila kusubiri mkopo, mradi wala msaada. Inahitaji shoka, panga, mahali penye upepo, na subira.

Kwa nini kuni mbichi hutoa moshi

Mti uliokatwa leo una maji mengi. Kwa wastani, takriban nusu ya uzito wa ukuni mbichi huwa ni maji. Ukuni uliokaushwa vizuri kwa jua na upepo hubaki na maji ya kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake.

Tofauti hiyo ina gharama kubwa. Ukitia jikoni kilo moja ya kuni mbichi, unatia nusu kilo ya mti na nusu lita ya maji. Kabla mti huo haujawaka ipasavyo, sharti maji hayo yapate moto, yachemke na kugeuka mvuke. Joto linalotumika kuyafukuza maji hayo, kama lote lingeingia katika sufuria, lingetosha kuchemsha karibu lita nne za maji ya chai. Badala yake, linapotelea hewani pamoja na mvuke.

Ndiyo sababu kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri hutoa joto linalokaribia maradufu ya lile la kilo moja ya kuni mbichi. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na uchache wa mti wenyewe katika kilo ya kuni mbichi, na sehemu nyingine inatokana na joto linaloliwa na maji.

Hasara nyingine ni ya moshi. Mti unapopashwa joto hauanzi kuwaka papo hapo. Kwanza maji hutoka. Kisha, joto linapopanda na kufikia nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi, mti huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi. Gesi hizo ndizo zinazoshika moto na kuonekana kama ndimi. Mwishoni hubaki kaa jekundu, ambalo huungua polepole bila ndimi nyingi.

Maji yakiwa bado yamo ndani ya ukuni, joto la jiko hushuka. Gesi hutoka lakini hazipati joto la kutosha kuungua. Zinapaa zikiwa nzima na kuonekana kama moshi mweupe au wa kijivu. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya moshi unaoumiza macho ni kuni zilizopotea bila kuwaka. Mpishi hupata hasara mara mbili: anatumia kuni nyingi zaidi, na anavuta kifuani kile ambacho kingepaswa kuivisha chakula.

Kata mapema, pasua ikiwa mbichi

Katika sehemu nyingi za nchi, mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Miezi ya Januari na Februari huwa ya jua kali na upepo mkavu. Huo ndio wakati bora wa kuanika kuni zitakazotumiwa Aprili na Mei. Kuni za msimu wa vuli nazo zinafaa kukatwa kuanzia Juni ili zipate kukauka kufikia Septemba, ingawa katika nyanda za juu baridi na ukungu wa Julai huchelewesha ukaukaji.

Kosa la kawaida ni kukata mti, kuuacha chini ukiwa gogo zima, na kutarajia kwamba utakauka wenyewe. Gogo lenye ganda lake hukauka kwa taabu sana. Ganda la mti liliumbwa lizuie maji yasitoke, na huendelea na kazi hiyo hata baada ya mti kukatwa. Ndani ya mti, maji husafiri katika vijia vyembamba mno vinavyoelekea juu kutoka mizizini hadi kwenye majani. Ndiyo maana hutoka kwa wepesi zaidi kupitia ncha zilizokatwa kuliko kupitia ubavuni.

Kutokana na hali hiyo, kanuni mbili zinajitokeza. Ya kwanza ni kukata vipande vifupi, vyenye urefu utakaoingia katika jiko lako. Kwa majiko mengi ya nyumbani, urefu wa sentimita 30 hadi 40 unatosha. Kila mkato unafungua milango miwili zaidi ya maji kutokea. Kanuni ya pili ni kupasua kila kipande kinachozidi unene wa kifundo cha mkono, ili jua na upepo viufikie moyo wa mti.

Kazi hii ifanywe mapema, mti ukiwa bado mbichi. Mkalitusi, kwa mfano, hupasuka kwa urahisi siku chache baada ya kukatwa, lakini ukikauka ukiwa gogo zima hugeuka kuwa adui wa shoka. Vivyo hivyo kwa miti mingine mingi migumu.

Muda wa kukausha hutegemea aina ya mti, unene na hali ya hewa. Kwa makadirio ya jumla, vijiti vyembamba vya unene wa kidole hukauka kwa wiki mbili au tatu za jua. Kuni zilizopasuliwa kwa unene wa mkono huhitaji miezi miwili au mitatu. Gogo ambalo halijapasuliwa laweza kumaliza nusu mwaka na zaidi likiwa bado na maji moyoni. Isitoshe, Pwani, ambako hewa huwa na unyevu mwaka mzima, kuni haziwezi kukauka kwa kiwango cha zile za Lodwar au Garissa, na ni vyema kuziongezea muda.

Kupanga rundo la kuni

Kuni zikirundikwa ovyo juu ya ardhi, zile za chini hunyonya maji ya udongo, huota ukungu na kuliwa na mchwa. Tandika kwanza mawe au magogo mawili yaliyolala sambamba, kisha panga kuni juu yake, zikiwa zimeinuka kiasi cha shubiri moja kutoka ardhini. Acha nafasi kati ya ukuni na ukuni ili upepo upite. Kuni zilizobaki na ganda upande mmoja zilazwe ganda likiangalia juu, ili maji ya mvua yateleze.

Rundo hilo lifunikwe kwa juu tu. Bati moja kuukuu lililowekewa mawe ya kulizuia lisipeperushwe linatosha. Wapo wanaofunika rundo zima kwa turubai kuanzia juu hadi chini wakidhani wanalikinga. Turubai la namna hiyo hufungia ndani mvuke unaotoka katika kuni, na baada ya wiki chache huzikuta zimeota ukungu. Upepo ndio mkaushaji mkuu, na jua ni msaidizi wake.

Ni busara pia kuliweka rundo mbali kidogo na ukuta wa nyumba. Rundo la kuni huvutia mchwa, panya, na nyoka wanaowafuata panya hao. Watoto wafundishwe kutochomeka mkono ndani ya rundo bila kutazama.

Jamii zetu zilikuwa na ujuzi wa kukausha kuni tangu jadi. Katika nyumba ya Wakikuyu palikuwa na itara, yaani uchaga uliojengwa juu ya meko, ambapo kuni ziliwekwa zikaushwe na joto la moto wa kila siku. Aliyetumia ukuni mmoja kutoka juu aliweka mwingine mahali pake. Mtindo huo bado unafaa, hasa kwa kumalizia kukausha kuni ambazo tayari zimeanikwa nje. Hata hivyo, uchaga uwe juu vya kutosha ili ndimi na cheche zisiufikie, na usiachwe bila mtu moto ukiwa mkali.

Utajuaje kwamba kuni zimekauka?

Ukuni mkavu hujitambulisha kwa njia kadhaa. Nchani huwa na nyufa zinazotoka katikati kuelekea pembeni. Ganda lake hulegea na kubanduka kwa urahisi. Rangi yake hufifia. Ukizigonganisha kuni mbili kavu, hutoa mlio mkali na wazi. Zilizo mbichi hutoa kishindo kizito kilichofifia.

Kwa anayetaka uhakika zaidi, ipo njia ya mizani. Chagua ukuni mmoja wa unene wa kadiri, uutie alama, uupime kwa mizani ya dukani siku ya kwanza, kisha uupime tena kila wiki. Utapungua uzito wiki baada ya wiki. Utakapofika mahali ambapo uzito haushuki tena, jua kwamba umetoa maji yote ambayo hewa ya mahali hapo inaweza kuyachukua. Rundo zima litakuwa katika hali inayokaribiana na hiyo, mradi kuni zake ziwe za aina na unene mmoja.

Vijiti vya kuwashia

Hata kuni zilizokauka barabara hazishiki moto kwa njiti moja ya kiberiti. Baina ya njiti na ukuni panahitajika daraja, na daraja hilo ni vijiti vyembamba na vibanzi. Hapa ndipo wengi huteleza. Wakikosa vijiti vikavu, hukimbilia mafuta ya taa au kipande cha plastiki.

Kwa nini kijiti chembamba kiwake upesi ilhali gogo la mti huohuo linakaidi? Jibu liko katika sehemu inayoguswa na moto. Chukua kipande cha mbao cha mraba chenye upana wa sentimita nane kila upande. Mzingo wake ni sentimita 32. Ukikichanja kiwe vijiti 16 vya sentimita mbili kwa mbili, kila kijiti kina mzingo wa sentimita nane, na jumla yake ni sentimita 128. Mti ni uleule, uzito ni uleule, lakini sehemu inayoguswa na moto na hewa imeongezeka mara nne. Kadhalika, kijiti hakina kina cha kuficha baridi. Joto hupenya hadi katikati kwa muda mfupi na gesi zikaanza kuwaka.

Andaa ngazi tatu. Ya kwanza ni vitu vyepesi vinavyoshika moto papo hapo: nyasi kavu, majani makavu ya msonobari, maganda makavu ya mwati au mkalitusi, makapi ya randa kutoka kwa seremala, au karatasi isiyong'aa. Ya pili ni vibanzi vya unene wa penseli. Ya tatu ni vijiti vya unene wa kidole gumba. Baada ya hapo ndipo zifuate kuni zenyewe.

Kila eneo lina hazina yake. Katika maeneo ya mahindi, magunzi na mabua makavu huwashia vizuri sana, na aghalabu hutupwa. Pwani kuna makuti, makumbi na vifuu vya nazi, ambavyo huwaka kwa nguvu. Kwenye chai na kahawa, matawi yanayopunguliwa hufaa yakikaushwa. Msonobari wenye utomvu huwaka hata siku ya baridi, ingawa hutoa masizi mengi, kwa hivyo utumike kuwashia tu na si kupikia. Wakulima waliopanda mgrivea, au mukima kama unavyoitwa katika maeneo ya kati, hupata vijiti vingi kila wanapopunguza matawi, bila kuung'oa mti.

Namna ya kuchanja bila kujikata

Ajali nyingi za kuchanja hutokea kwa sababu mtu anakishika kipande kwa mkono mmoja na kukipiga panga kwa mkono wa pili. Njia salama ni hii. Tafuta kigogo kipana kilichosimama imara, kimo chake kiwe chini ya goti. Simamisha juu yake kipande kifupi kisicho na fundo, chenye nyuzi zilizonyooka. Weka makali ya panga juu ya kichwa cha kipande hicho, karibu na ukingo, kisha uligonge panga mgongoni kwa kipande kingine cha mti hadi lizame. Panga likishazama, kipande kitasimama chenyewe. Ondoa mkono uliokishika na uendelee kugonga mpaka kipasuke.

Anza kwa kupasua vibao vyembamba, kisha ulaze kila kibao na kukichanja kuwa vijiti. Vipande vyenye mafundo usipoteze nguvu navyo. Viache viwe kuni za kupikia maharagwe, kwani huungua polepole. Wakati wa kazi hii watoto wakae mbali, na viatu vinavyofunika vidole vivaliwe.

Anayechanja mara moja kwa wiki, tuseme Jumamosi alasiri, hupata akiba ya siku saba. Vijiti hivyo vitiwe katika kikapu au gunia la katani na kuwekwa mahali pakavu ndani ya jikoni, mbali kidogo na moto. Mfuko wa plastiki haufai kwa sababu huzuia hewa.

Kupanga moto wenyewe

Kuni kavu zikipangwa vibaya bado zitatoa moshi. Moto unahitaji hewa kutoka chini. Katika jiko la roketi, ambalo msingi wake ulibuniwa na Mmarekani Larry Winiarski mapema miaka ya 1980, kuna kibao cha chuma mlangoni kinachozibeba kuni ili hewa ipite chini yake. Kibao hicho kisiondolewe wala kujazwa majivu. Katika jiko la Maendeleo, lenye moyo wa udongo uliofinyangwa na ambalo limetumika nchini tangu miaka hiyo ya 1980, na hata katika mafiga matatu, mawe mawili madogo au vipande viwili vya chuma chini ya kuni huleta nafuu hiyohiyo.

Zoa majivu ya jana. Weka nyasi au maganda, juu yake vibanzi vilivyopishana kama dari ya nyumba, kisha vijiti vichache. Washa kutoka chini. Ndimi zikishashika vijiti vyote, ongeza kuni mbili, kisha ya tatu. Kati ya ukuni na ukuni pawe na nafasi ya kidole. Mlango wa jiko usisongwe hadi juu, kwa sababu moto ulionyimwa hewa hugeuka moshi. Kadiri ncha zinavyoungua, sukuma kuni ndani polepole.

Ukiona moshi unaongezeka, jiulize mambo matatu kabla ya kupuliza: je, hewa inapita chini? Je, kuni ni nyingi mno? Je, kuna ukuni mbichi uliochanganyika na mikavu? Mara nyingi kuutoa ukuni mmoja huponya moto mzima.

Vitu vya kuepukwa

Mafuta ya taa yasimwagwe kamwe juu ya jiko lenye makaa au joto la moto uliozimika. Mvuke wake hulipuka na kurudi kwenye chombo kilicho mkononi. Watu wengi wamebaki na makovu ya maisha kwa sababu ya kuharakisha moto.

Plastiki nayo hutoa moshi wenye sumu ambao huingia katika mapafu na katika chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Agosti 28, 2017, lakini chupa, nyuzi za magunia na karatasi za nailoni bado hutiwa motoni katika nyumba nyingi. Hali ni hiyohiyo kwa vipande vya mbao zilizopakwa rangi, na kwa masalio ya milingoti na nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, sumu ambayo haiungui; nyingine hupaa na moshi na nyingine hubaki katika majivu. Nguzo kama hizo aghalabu huwa na rangi ya kijani kibichi au nyeusi ya lami.

Miti mingine ina sumu kiasili. Mnyaa, unaopandwa kama ua katika sehemu nyingi, una utomvu mweupe unaounguza macho, na moshi wake huwasha vilevile. Mti wa maua uitwao olianda, unaopamba nyua nyingi mijini, una sumu ya moyo na haufai kuwa kuni wala kijiti cha kugeuzia nyama. Wazee wa kila eneo huijua miti isiyotiwa jikoni, na ni vyema kuwauliza.

Kuna pia miti iliyohifadhiwa kwa mila. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyetunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, alisimulia jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni za mti wa mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Kilio cha wanawake wa mashambani kuhusu uhaba wa kuni kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kuanzisha shirika la Green Belt mwaka 1977. Anayetumia kuni kavu hukata miti michache zaidi kwa chakula kilekile, na huo nao ni mchango kwa msitu. Aidha, anayeokota kuni katika msitu wa serikali sharti awe na idhini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na idhini hiyo huhusu kuni zilizoanguka au kukauka, si kukata miti mibichi.

Wanaonunua kwa tani

Hesabu ya unyevu huwa nzito zaidi kwa shule za bweni, hoteli na taasisi nyingine zinazopikia watu mamia kwa kuni. Tani moja ya kuni mbichi ina takriban kilo 500 za maji. Ikikaushwa hadi maji yafikie asilimia 20, uzito wake hushuka hadi kilo 625. Maana yake ni kwamba mnunuzi aliyelipa kwa uzito alilipia kilo 375 za maji yaliyopaa, na akalipia usafiri wake pia.

Viwanda vya majani chai, ambavyo boila zake nyingi hutumia kuni, huzikata, huzipasua na kuzipanga chini ya mapaa kwa miezi kadhaa kabla ya kuzitumia. Si kwa sababu ya mapambo. Ni kwa sababu mhasibu huiona tofauti katika vitabu. Shule inaweza kufanya vivyo hivyo kwa kujenga paa la mabati lisilo na kuta na kununua kuni za muhula ujao badala ya za wiki hii. Mpishi wa shule, ambaye hukaa mbele ya sufuria kubwa tangu alfajiri, atakuwa wa kwanza kushukuru.

Kuni kavu haziondoi kila hatari

Itakuwa makosa kuacha dhana kwamba kuni kavu hazina madhara. Moshi hupungua lakini haukosekani. Dirisha lifunguliwe, jiko liwekewe dohani inapowezekana, na mtoto mchanga asilazwe karibu na moto. Makaa yaliyobaki yasiingizwe chumbani kwa ajili ya joto la usiku, kwani hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini. Familia inayoweza kumudu gesi au umeme, hata kwa chai ya asubuhi pekee, itakuwa imejipunguzia moshi kwa kiasi kikubwa.

Kwa wale ambao kuni ndizo tegemeo lao, na ni wengi, ratiba ni rahisi. Desemba ikiisha, kata na upasue. Januari na Februari, anika. Kabla ya mvua ya kwanza ya Machi, ingiza chini ya paa kuni za miezi miwili na vijiti vya kujaza magunia mawili. Juni, anza tena kwa ajili ya vuli. Akiba haiozi, ilmradi iwe imeinuliwa kutoka ardhini na kufunikwa juu.